Meli ya Pwani ya Norway na Akiba ya Mstaafu: Twende au Tusiende?

Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Trondheim nchini Norway, ametualika mimi na mume wangu tukamtembelee, na ndani ya mwaliko huo ameweka pendekezo ambalo limekuwa gumzo la nyumba yetu hapa Moshi tangu Pasaka. Anasema kwamba tukishafika kwake itakuwa hasara kukaa sebuleni tukinywa chai na kutazama mvua. Afadhali tupande meli ya pwani inayotoka Bergen, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, ikapita katikati ya visiwa na milima hadi Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, kisha ikarudi. Mzunguko mzima huchukua siku 12. Ukijumlisha na nauli ya ndege, gharama yake ni fedha ambayo mstaafu haitoi mfukoni bila kukaa chini na kupiga hesabu, nami nimeona niipige hesabu hiyo kwa maandishi, kwa kuwa wapo wasomaji wenye ndugu ughaibuni watakaopata mwaliko wa namna hii.

Jirani yetu aliposikia habari hizi hakuchelewa kutoa hukumu. "Mwalimu," aliniambia, "theluji unaiona ukiwa jikoni kwako, utalipaje nauli kwenda kuitazama kwa watu?" Swali lake si la kupuuzwa. Sisi tunaoishi chini ya Kibo, kilele cha mlima Kilimanjaro, na ambao tumezoea kuona wageni wakitumia maelfu ya dola kuja kukaa siku sita mlimani, tuna haki ya kuuliza mandhari ya mtu mwingine ina nini ambacho yetu haina. Jibu langu ni la kijiografia, maana ndilo somo nililofundisha hadi kustaafu. Mlima wetu ulijengwa na volkano, na barafu iliyobaki kileleni ni kidogo na inazidi kupungua. Pwani ya Norway ilichongwa na barafu yenyewe: mito mizito ya barafu ilichimba mabonde kwa maelfu ya miaka hadi chini ya usawa wa bahari, na ilipoyeyuka, bahari ikaingia ndani ya mabonde hayo na kufanya fiodi, yaani ghuba ndefu na nyembamba zenye kuta za mawe pande zote mbili. Nimezichora fiodi ubaoni mara nyingi bila kuziona kwa macho, na sioni aibu kusema kwamba hilo peke yake linanisukuma.

Ila kabla ya mandhari, ni lazima kuieleza meli, kwa sababu uamuzi wote unasimama hapo. Hii si meli ya anasa ya kawaida. Ilianza kama meli ya barua. Mnamo tarehe 2 Julai 1893, nahodha Richard With aliondoka Trondheim na meli iitwayo Vesteraalen kuelekea Hammerfest, akiwa na mkataba wa serikali wa kupeleka barua, mizigo na abiria wakati wote wa mwaka, jambo ambalo makampuni mengine yaliliogopa kwa sababu ya giza la majira ya baridi na uhaba wa minara na ramani. Huduma hiyo ikaitwa Hurtigruten, na haijakoma hadi leo. Serikali ya Norway bado inailipia ruzuku, na tangu 2021 mkataba umegawanywa kwa makampuni mawili: Hurtigruten yenye meli 7 na Havila yenye meli 4. Jumla ni 11, na idadi hiyo ina sababu yake, maana meli inayoondoka Bergen leo jioni inarudi hapo baada ya siku 11, yaani siku ya 12 ukihesabu na ya kuondoka. Kwa hiyo ili kila jioni pawe na meli ya kuondoka, zinahitajika 11 zinazofuatana. Njiani zinatia nanga katika bandari 34, nyingine kwa dakika 15 tu, ambapo mlango wa ubavuni hufunguliwa, shehena ikashushwa, mwanafunzi mwenye begi akapanda kwenda bandari inayofuata, na mlango ukafungwa.

Aliyewahi kusafiri Ziwa Tanganyika kwa Mv. Liemba ataielewa meli ya namna hiyo mara moja. Na kwa kuwa nimeitaja Liemba, niongeze kwamba kiwanda kilichoiunda mwaka 1913, Meyer Werft cha Papenburg nchini Ujerumani, bado kipo, na siku hizi kinajulikana zaidi kwa kuunda yale majumba makubwa yanayoelea, meli za watalii zinazobeba watu maelfu kwa mkupuo. Meli hizo nazo huenda Norway. Zinaingia hata fiodi ya Geiranger, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005, na kuteremsha umati wa watu katika kijiji chenye wakazi mia mbili na ushee. Mimi nimekulia karibu na Marangu, najua namna kijiji kinavyobadilika wageni wakizidi wenyeji, na sina hamu ya kuwa mmoja wa umati huo. Kwa hiyo meli hizo kubwa nimeziondoa kwenye mjadala mapema, ingawa mara nyingine bei yake kwa siku huwa nafuu kuliko ya meli ya barua, na ingawa zina kumbi za michezo na mabwawa ya kuogelea ambayo meli ya barua haina.

Mdogo wangu alinitumia ratiba, nikaichapisha, nikaitandaza mezani, nikaanza kuipaka rangi: nyekundu kwa bandari ambazo tungezipita usiku, kijani kwa zile za mchana. Zoezi hili dogo lilinifundisha mengi kuliko matangazo yote. Ratiba ya kwenda kaskazini imepangwa ili bandari inayopitwa usiku wakati wa kwenda ipitwe mchana wakati wa kurudi, na hiyo ndiyo hoja kuu ya wanaouza safari ya siku 12: ukienda tu bila kurudi, umeona nusu. Lakini nilipotazama rangi ya kijani, niligundua kwamba haikusambaa sawasawa. Imejazana katika kipande kimoja, kutoka Trondheim hadi Tromsø.

Fuatana nami. Meli inaondoka Trondheim mchana, na baada ya kulala usiku mmoja, asubuhi inavuka Duara la Aktiki, kwenye nyuzi 66 na dakika 33, ambapo kisiwa kidogo kinachoitwa Vikingen kimewekewa tufe la chuma la kuonyesha mstari huo. Kuna mzaha unaofanywa hapo wa kuwamiminia abiria maji ya barafu shingoni, na mume wangu ameshatamka kwamba jambo hilo halimhusu. Muda huohuo barafu kubwa ya Svartisen, ya pili kwa ukubwa nchini humo, huonekana juu ya milima upande wa bara. Mchana meli iko Bodø. Kutoka hapo inakata Vestfjorden, mkono mpana wa bahari, na mbele yake kunatokea visiwa vya Lofoten, safu ya milima iliyosimama wima kutoka majini kiasi kwamba kwa mbali inaonekana kama ukuta mmoja. Saa tatu usiku inafika Svolvær. Baada ya hapo inapita mlangobahari wa Raftsundet, na hali ya hewa ikiruhusu wakati wa kiangazi inaingia Trollfjord, fiodi yenye urefu wa takriban kilometa 2 ambayo mdomo wake una upana wa mita 100 tu, ikageukia humo ndani na kutoka. Kesho yake, saa nane mchana, iko Tromsø. Ni siku tatu na usiku mbili, na karibu yote niliyoyachora ubaoni yamo.

Msomaji atauliza itakuwaje niione Trollfjord wakati wa kulala. Hapo ndipo majira yanapoingia. Katika sehemu zilizo kaskazini mwa Duara la Aktiki jua halizami kabisa kwa wiki kadhaa za kiangazi. Tromsø hali hiyo huanza karibu tarehe 20 Mei na kuendelea hadi wiki ya tatu ya Julai. Mtu aliyezaliwa nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, ambaye maisha yake yote jua limechomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, nadhani anastahili kuliona jambo hilo mara moja kabla hajafa. Majira ya baridi yana uzuri wake pia, hasa mianga ya kaskazini inayocheza angani, lakini katika Tromsø jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na kulipa fedha nyingi ili kupita kwenye milima usioiona si biashara ninayoielewa. Kampuni ya Hurtigruten ina ahadi kwamba aliyesafiri mzunguko mzima katika msimu wa mianga na asiione hata mara moja atapewa safari nyingine fupi bila malipo. Ni ahadi nzuri kwa Mjerumani. Kwa mtu wa Moshi, ambaye ingembidi aombe viza upya na kununua tiketi ya ndege upya ili akaitumie, haina maana yoyote.

Tumechagua Juni, basi, na Juni inatufaa hata kwa upande wa huku, kwani masika huwa yamekwisha na mavuno ya kahawa bado hayajashika kasi. Huko Lofoten ndio wakati wanaposhusha samaki kutoka kwenye vichanja. Samaki hao ni chewa wa baharini wanaovuliwa kati ya Januari na Aprili, wakaning'inizwa nje kwenye miti wakaushwe na upepo wa baridi bila chembe ya chumvi. Ni ng'onda, ila wa nchi isiyo na jua kali. Wengi wao huuzwa Italia, na vichwa vyao vilivyokauka hupelekwa Nigeria, ambako hupikwa katika mchuzi. Sikutegemea kwamba katika kusoma habari za pwani ya mbali kiasi hicho ningekutana na sufuria ya Afrika Magharibi, na nakiri kwamba vichanja hivyo natamani kuviona karibu kuliko fiodi kadhaa.

Sasa gharama, kwani ndizo zinazoamua. Kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kuna ndege ya KLM hadi Amsterdam, na kutoka hapo kufika Trondheim si shida. Nauli hii tungeilipa hata kama tungekwenda kumsalimu mdogo wangu tu, kwa hiyo siihesabu kama gharama ya meli. Ni tofauti kubwa. Asiye na ndugu huko, ambaye ingembidi alipie ndege, hoteli na meli kwa ajili ya mandhari pekee, ningemshauri aende kwanza hifadhi zetu za Katavi na Kitulo. Viza ni ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa kuwa Norway imo katika mpango huo ingawa si mwanachama wa Umoja wa Ulaya: ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isiyopungua euro 30,000 ni lazima, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Norway ina kanuni ya ziada, kwamba mgeni awe na uwezo wa kroni 500 kwa kila siku atakayokaa, isipokuwa mwenyeji wake amwekee dhamana. Mdogo wangu atatuwekea. Nasisitiza jambo la viza kwa sababu wapo wanaolipia meli kwanza kwa kushawishiwa na punguzo, viza ikachelewa, na fedha ikabaki baharini.

Kuhusu chumba, matangazo yanasukuma watu kwenye vyumba vyenye roshani. Siafiki. Meli hii hupita karibu na nchi kavu pande zote mbili, na ukikaa kwenye roshani ya upande mmoja unaikosa nusu ya dunia. Sitaha ya juu ni ya wote, na bei yake imo ndani ya tiketi ya mnyonge sawa na ya tajiri. Chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambacho ndicho cha bei ya chini, tena kitasaidia kupata usingizi katika nchi ambayo jua halizami. Chakula ni habari nyingine, maana Norway ni ghali hata kwa Wazungu, na kwa tiketi ya kipande kifupi chakula si lazima kiwemo. Tutabeba mikate na samaki wa kopo kutoka kwa mdogo wangu na kula mezani mara moja tu kwa siku. Matembezi ya kulipia yanayouzwa melini tutayaacha yote. Bodø na Tromsø ni miji ya kutembea kwa miguu, na miguu tunayo.

Mavazi ndiyo yaliyomtisha mume wangu, na ndiyo yaliyokuwa rahisi kuliko yote. Mji huu umejaa makoti ya baridi kuliko mji wowote wa joto ninaoujua, kwa sababu ya mlima. Nilikwenda soko la Memorial siku ya Jumamosi asubuhi, wakati marobota yanafunguliwa, nikamkuta kijana mwenye rundo la jaketi za mvua. Nilimwomba anipe moja ya buluu, nikaigeuza ndani nje. Jaketi ya kweli ya mvua hujulikana kwa mishono yake: ndani yake kila mshono umefunikwa kwa utepe mwembamba uliogandishwa kwa joto, na utepe huo ukianza kubanduka, hata kwa urefu wa kidole, jaketi hiyo imekwisha hata kama nje inang'aa. Ile ya buluu ilikuwa imebanduka begani. Ya tatu ilikuwa nzima, zipu yake inapanda bila kukwama, kofia ina kamba zote mbili. "Chukua hiyo, mama, hata kilele cha Uhuru inakufikisha," kijana alisema, nami nikaichukua kwa bei ambayo mdogo wangu alipoisikia alinyamaza kwenye simu.

Hofu ya kichefuchefu ilibaki. Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, lakini yapo maeneo ya bahari ya wazi, na yana historia. Mwezi Machi 2019 meli kubwa ya watalii ilizimikiwa injini katika dhoruba eneo la Hustadvika, na mamia ya abiria wakaopolewa mmoja mmoja kwa helikopta. Hustadvika ipo kusini mwa Trondheim, nje ya kipande chetu. Ndani yake tutakuwa na bahari ya wazi ya Folda na Vestfjorden, ambazo mwezi Juni kwa kawaida huwa na utulivu. Nimevuka kwenda Unguja wakati wa kusi, mhudumu akipita na mifuko ya kutapikia, na naamini aliyevumilia hilo atavumilia Vestfjorden ya kiangazi.

Ubishi uliosalia ni wa urefu wa safari. Mume wangu alikuwa mpagazi kisha muongozaji katika mlima wetu, na kwake yeye safari isiyofika mwisho si safari. "Mtu hapandi mlima akageuzia Horombo," ananiambia, akitaja kambi iliyo njiani kwenda kileleni, na akimaanisha kwamba tukiishia Tromsø tutakuwa tumetupa fedha. Hoja hii nimeifikiria kwa uzito, kwa sababu mlimani ni kweli: anayenunua siku chache ili kuokoa fedha mara nyingi ndiye anayeshindwa kufika. Lakini mlima una kilele, na kila siku ya chini inafanyika kwa ajili ya siku ile moja ya juu. Meli haina Uhuru. Kirkenes ni mji mdogo wa mpakani, nao uko upande wa mashariki kuliko Istanbul, jambo linalompendeza mwalimu wa jiografia lakini halihitaji kufikiwa ili kuaminiwa. Hata Nordkapp, genge maarufu la mita 307 linalouzwa kama ncha ya kaskazini ya Ulaya, limo kisiwani, na rasi jirani yake iitwayo Knivskjellodden imelipita kidogo kwa kwenda kaskazini. Aliposikia hilo mume wangu alipunguza sauti kidogo.

Wapo ambao siku 12 zinawafaa: wasiopenda kupanda na kushuka, wanaotaka kukaa dirishani na kitabu huku nchi nzima ikipita, na wenye uwezo. Siwacheki. Kwetu sisi, siku ya sita ya kutazama mlima na maji ingekuwa inashindana na siku ya kukaa na mdogo wangu, ambaye hatujamwona kwa miaka, na hapo meli inashindwa. Nimeamua tununue Trondheim hadi Tromsø, chumba cha ndani, wiki ya pili ya Juni, kisha turudi Trondheim kwa ndege. Mume wangu bado anaitetea Kirkenes, nami nimemwambia kwamba tiketi huuzwa bandari kwa bandari, kwa hiyo tukifika Tromsø akitaka aendelee peke yake. Mimi nitatangulia kwa mdogo wangu, na atakaporudi atatukuta.